Salamabila: Nchi ya Dhahabu na Maswali ya Kiingereza

Juma hili twawaalika kufuatana nasi mpaka Maniema ya kusini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Twaanza safari yetu Kasongo, mji wa zamani ulio karibu na mto Lualaba, kisha twashika upande wa mashariki na kuingia nchi ya Kabambare. Njia ni ya udongo. Wakati wa kiangazi vumbi hujaa machoni. Wakati wa mvua matope hushika magurudumu, na mwenye pikipiki hushuka akaisukuma. Mahali pengine msitu wakaribia njia, mahali pengine nyasi ndefu zatanda mpaka vilimani. Wakaao huku ni Wabangubangu, Wabuyu na majirani zao, watu wa mihogo, mpunga na michikichi.

Kaskazini ya mji wa Kabambare twafika Salamabila. Vilima vya Namoya vilivyo hapo ni mwisho wa kusini wa mkanda wa dhahabu uanzao Twangiza, katika Kivu ya Kusini, wenye urefu wa kilomita 210 hivi. Dhahabu hiyo ilichimbwa tangu zamani za Wabelgiji. Baadaye kampuni ya Banro, iliyokuwa na makao yake Toronto nchini Kanada, ilijenga mgodi mkubwa Namoya, nao ukaanza kutoa dhahabu ya biashara mwaka 2016. Mwaka 2019 kazi ya mgodi huo ilisimamishwa kwa sababu ya kukosa usalama. Tena wako watu wengi ambao wameitafuta dhahabu kwa mikono yao wenyewe, kwa sururu, sepetu na karai.

Jina la mji huu laanza kwa neno "salama", na wenyeji wake wajua vema jinsi neno hilo linavyoweza kuadimika. Walakini leo hatukuja kupima dhahabu wala kuhesabu taabu za vita. Twataka kuzungumza juu ya lugha, kwa maana katika nchi ya namna hii lugha ni chombo cha kazi, sawa na sururu, na asiyejua kukishika aweza kujikata.

LUGHA ILIYOKUJA KWA MIGUU

Mgeni atokaye Kigoma, Bujumbura au hata Mombasa hapotei katika soko la Salamabila. Kiswahili chamtosha kununua mchele, kuuliza njia na kuomba mahali pa kulala. Watoto hudhani kwamba lugha hii imekuwapo hapa siku zote. Sivyo. Katika miaka ya 1860 misafara ya wafanya biashara wa Unguja na wa pwani ilianza kuingia Maniema kutafuta pembe za ndovu. Katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed, yule aliyeitwa Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa kitovu cha mamlaka yake. Misafara ile ilileta lugha, lakini ilileta na minyororo ya utumwa. Si haki kutaja la kwanza na kuficha la pili. Mwaka 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliuteka mji wa Kasongo, na utawala wa wafanya biashara hao ukaisha.

Wao waliondoka, lugha ilibaki. Wachukuzi walikuwa wameishika, na wanawake sokoni, na watoto waliokua katika vijiji vya njiani. Leo Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Chiluba, na Kifaransa ndicho lugha rasmi ya serikali.

Je, nani aliyewafundisha wazee wetu? Hawakuketi darasani, wala hawakununua kitabu cha sarufi. Walisikia, wakajaribu, wakakosea, wakasahihishwa, wakaendelea. Yafaa tulikumbuke jambo hilo kila tusikiapo mtu akisema, "Sisi watu wa bara hatuna kichwa cha kujifunza lugha za kigeni."

Tena liko jambo la kufurahisha. Mwaka 1869 David Livingstone, Mskoti ambaye vitabu vyake viliandikwa kwa Kiingereza, alifika Bambarre, yaani Kabambare. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimlaza huko kwa muda mrefu. Wengi wa watu wake walikuwa wamemwacha; waliofuatana naye siku zile za dhiki walikuwa watatu, Susi, Chuma na Gardner. Basi katika nchi hii msemaji wa Kiingereza ndiye aliyekuwa mgeni, naye ndiye aliyehitaji kuelewa maneno ya wengine ili apate kula na kupita. Baada ya kifo chake, Susi na Chuma walikwenda Uingereza mwaka 1874, wakamsaidia Horace Waller kutengeneza kitabu cha habari za safari zake za mwisho. Watu wawili waliokwisha kupita Kabambare kwa miguu walieleza huko Uingereza mambo yaliyokuwa katika maandiko ya Mzungu.

KWA NINI KIINGEREZA?

Wazazi wengine huuliza, "Tuna Kiswahili, tuna Kifaransa cha shuleni, tuna lugha ya nyumbani. Ya nne ya nini?" Swali hili ni la haki, nasi twalijibu kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni kazi. Mgodi mkubwa hukusanya mafundi wa nchi nyingi, na mara nyingi lugha iwaunganishayo ni Kiingereza. Maandishi ya mashine, ya dawa za kemikali na ya vyombo vya umeme huja kwa lugha hiyo. Asiyeweza kusoma neno "danger" juu ya pipa hupita karibu na hatari bila kuiona.

Ya pili ni ujirani. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa biashara ya kuvuka ziwa Kiswahili ni cha kutosha, tena ni fahari yetu. Lakini mkataba ulioanzisha Jumuiya hiyo, uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999, uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa lugha ya kukuzwa kwa mawasiliano ya watu. Kwa hiyo anayeuza kwa Kiswahili huenda akapewa hati ya forodha iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Ya tatu ni huzuni ya vita. Tangu mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, imepokea maelfu ya watu wa mashariki ya Kongo. Wengine wao walihamishiwa Marekani, Kanada au Australia. Watoto waliosoma kambini kwa mafundisho ya Kikongo walijifunza kwa Kifaransa, kisha wengi wakashuka katika uwanja wa ndege wa nchi ambako Kifaransa hakikuwafaa kitu. Hakuna familia iwezayo kusema kwa hakika, "Sisi hatutahitaji."

MASIKIO NA ULIMI

Sasa tutazame magumu yenyewe, kwa maana adui ajulikanaye hatishi sana.

Gumu la kwanza ni maandishi. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Kiingereza sivyo. Maneno "though", "through", "cough" na "enough" yote yana herufi zile zile nne za mwisho, na kila moja lina sauti yake. Kwa hiyo mwanafunzi asijifunze neno kwa jicho tu. Alisikie kwanza, ndipo aliandike.

La pili ni irabu. Sisi tuna tano: a, e, i, o, u. Kiingereza cha kusini ya Uingereza huhesabiwa kuwa na sauti za irabu kama ishirini. Sikio letu huzitia zote katika vikapu vyetu vitano. Ndipo "I live here", maana yake naishi hapa, lageuka "I leave here", naondoka hapa. Fikirini mkimbizi aliyeulizwa juu ya makao yake akajibu hivyo!

La tatu lawahusu hasa watu wa Salamabila. Wageni husumbuka sana kutamka sauti ya mwanzo ya neno "the". Wasemaji wa Kifaransa husema "ze", na wanafunzi wetu wafuata. Kumbe Mswahili wa pwani anayo sauti hiyo tangu utoto, nayo ni ile ya neno "dhahabu". Huku Maniema wengi husema "zahabu", nasi hatuwacheki, maana ndivyo Kiswahili cha Kongo kilivyo. Lakini anayetaka kusema "this" na "they" sawasawa, atie ncha ya ulimi kati ya meno na kusema "dhahabu" kama mtu wa Unguja. Akiweza neno la mgodi wake, ameweza na la Mwingereza. Vivyo hivyo "th" ya "thelathini" ndiyo ile ya "think" na "three".

La nne ni herufi l na r. Lugha nyingi za Kibantu hazizitengi. Kwa Kiingereza "rice" ni mchele, na "lice" ni chawa. Mama mwenye duka asipoangalia atawatangazia wateja chawa kwa kilo.

La tano ni mwisho wa neno. Maneno yetu hupenda kuishia kwa irabu. Ndiyo maana "blanket" ilipoingia kwetu ikawa blanketi, na "ticket" ikawa tiketi. Basi wengine huongeza irabu, na wengine, kwa kuikimbia, huimeza konsonanti yenyewe. "They paid me" maana yake walinilipa. Ukiimeza ile d, husikika "they pay me", yaani hunilipa. Mtu anayedai mshahara wake au kukiri kwamba ameupokea hawezi kuidharau herufi moja.

La sita ni mkazo. Katika Kiswahili sauti hulemea silabi ya pili kutoka mwisho, nasi hatuna haja ya kuuliza. Katika Kiingereza mkazo huhama. "Fifteen" ni kumi na tano, "fifty" ni hamsini. Tofauti kubwa ya kusikika ni mahali pa mkazo na ile n ya mwisho. Watu wawili waweza kuagana juu ya bei, kila mmoja akaenda zake na hesabu yake. Dawa yake ni rahisi: andikeni tarakimu kwenye karatasi, nyote wawili mzione.

MANENO YADANGANYAYO

Kijana aliyesoma Kifaransa ana mali kubwa, maana maelfu ya maneno ya Kiingereza yalitoka Ufaransa. Lakini mali hiyo ina bandia ndani yake. Kwa Kifaransa "demander" ni kuomba au kuuliza. Kwa Kiingereza "demand" ni kudai kwa nguvu. Aandikaye barua ya kuomba kazi akasema "I demand" adhani ameinama, kumbe amepiga meza. "Librairie" ni duka la vitabu, lakini "library" ni maktaba.

Liko moja lililo zito kuliko haya. Kwa Kifaransa "blesser" ni kujeruhi, na "blessé" ni majeruhi. Kwa Kiingereza "bless" ni kubariki. Mtu akikimbia kutoka shimoni akapaza sauti kwa msimamizi asemaye Kiingereza kwamba mwenzake ni "blessed", yule msimamizi asikia kwamba mwenzake amebarikiwa. Neno la kutumia ni "injured" au "hurt". Hilo lifundishwe mapema, kabla ya mashairi na mazungumzo ya chai.

Kiswahili chenyewe nacho chaweza kutupoteza. Sisi husema "yeye" kwa mume na kwa mke. Mwingereza hutenga "he" na "she", na mwanafunzi humwita mama yake "he" bila kukusudia. Sisi huhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua: saa mbili asubuhi ni "eight o'clock" kwao. Mgonjwa aliyeambiwa ameze dawa "at two" asiimeze saa mbili. Sisi humwambia aliyeanguka "pole", ingawa hatukumwangusha. Mwanafunzi husema "sorry", naye mgeni aweza kuhisi kwamba anakiri kosa. Heri aseme, "I am sorry that you are hurt," ili maana ijulikane.

NDIYO NA HAPANA

Twasihi kila msomaji asome sehemu hii mara mbili. Mtu akituuliza kwa Kiswahili, "Hakuna mtu shimoni?" nasi twajua kwamba shimo ni tupu, wengi wetu hujibu, "Ndiyo." Maana yake: ndiyo, ni kama usemavyo, hakuna mtu. Jibu letu huyafuata maneno ya mwulizaji.

Kiingereza hakiendi hivyo. Jibu lake hulifuata jambo lenyewe. Akiulizwa, "Is nobody in the pit?" na shimo ni tupu, Mwingereza hujibu "No." Akijibu "Yes," msikiaji hufikiri kwamba yumo mtu. Sasa geuzeni jambo. Katika shimo wamo watu wawili. Msimamizi yuko tayari kulipua mwamba kwa baruti. Auliza swali lile lile. Mfanyakazi awaza kwa Kiswahili: "Hapana, si hivyo, watu wamo," na kwa ulimi wa Kiingereza asema "No." Msimamizi asikia kwamba hakuna mtu.

Ndugu, hili si kosa la mjinga. Kila mmoja amesema kweli kwa desturi ya lugha yake. Kwa hiyo penye hatari "yes" peke yake haitoshi, wala "no" peke yake. Semeni sentensi nzima: "Two men are in the pit." Au: "The pit is empty." Naye mwulizaji mwenye busara aache maswali ya kukana, aulize tu, "Who is in the pit?" Desturi hii yafaa kwa mgodi, kwa hospitali, kwa polisi na kwa mahakama.

MASWALI TUSIKIAYO MARA NYINGI

"Nimepita umri, je, nitaweza?" Utaweza. Mtoto hushika matamshi upesi kuliko mzee. Hilo ni kweli. Lakini mtu mzima ajua anachokitafuta. Muuza dawa ajifunze maneno ya dawa kwanza, dereva ayajue ya gari, mama mjamzito ayajue ya zahanati. Maneno mia yaliyochaguliwa vema hufaa kuliko elfu yaliyokusanywa ovyo. Haba na haba hujaza kibaba.

"Nimesoma miaka mingi, mbona sisemi?" Kwa sababu ulijifunza kuandika majibu, hukujifunza kujibu. Hili si la Kongo peke yake. Katika Tanzania Kiingereza hutumika kufundishia shule za sekondari, na bado wako wengi wanaomaliza masomo wakiwa wagumu wa kufungua kinywa. Kuogelea hakujifunzwi ukingoni. Kusanyikeni watu watatu au wanne mara mbili kwa juma, mchague jambo moja, kama bei za soko au habari za mgonjwa, mzungumze nusu saa. Asiwepo wa kucheka. Kicheko kimewafunga watu vinywa kuliko sarufi.

"Hatuna mwalimu." Sikilizeni redio au maneno yaliyorekodiwa katika simu, mrudie kwa sauti kama mwangwi, hata kama hamjaelewa yote. Sikio likizoea, akili hufuata.

"Nikishindwa kuelewa nifanye nini?" Usitikise kichwa kwa heshima. Kwetu kumkatiza mkubwa ni utovu wa adabu, na kwa hiyo wengi hukubali wasichokisikia. Jifunze sentensi mbili hizi kabla ya zote: "I do not understand," na "Please say it again." Kisha rudia kwa maneno yako yale uliyoyasikia, ili mwenzako akusahihishe. Kuuliza si ujinga.

NENO KWA WAZAZI

Katika familia zilizohamia nchi za mbali, mtoto wa miaka kumi huwa ulimi wa nyumba nzima kwa muda mfupi. Asoma barua, ajibu simu, aongea na mwenye nyumba. Kwa mambo madogo si vibaya. Lakini msimpeleke akamtafsirie mama yake ugonjwa wake mbele ya daktari, wala baba yake mashtaka yake mbele ya hakimu. Mzigo huo wamzidi, tena huigeuza nyumba: mtoto ajua siri zote, na mzazi aomba ruhusa. Mwombe mkalimani mtu mzima, kwa sentensi hii: "I need a Swahili interpreter." Ninyi wenyewe nanyi jifunzeni, hata polepole, ili sauti yenu isikopwe kwa mtoto.

Wala msikiache Kiswahili mezani. Mtoto aliyenyang'anywa lugha ya mama yake hapati Kiingereza maradufu. Apata tu ukimya kati yake na bibi yake aliyebaki Kabambare. Watu wa Maniema walipojifunza Kiswahili hawakutupa Kibangubangu wala Kibuyu. Walibeba lugha mbili, na wengine tatu, na mzigo huo haukuwavunja.

Basi anayesafiri Salamabila kesho atawakuta watu ambao babu zao walijifunza lugha ya misafara njiani na sokoni. Wajukuu wao wanaweza kujifunza na hii. Waanze na maneno ya kazi, wayaseme kwa sentensi nzima, waandike tarakimu, na penye shimo wasitosheke kamwe na "yes" tupu.